Maji Katika Chupa ya Dawa

Kila siku ya shule, jua likiwa bado halijachomoza vizuri, Chiriku na mama yake walikuwa wameshafika jikoni. Hilo la Chiriku lilikuwa jina la utani. Alipewa na bibi yake, aliyesema mtoto huyo alianza kusema kabla ya kuota meno na tangu hapo hajapumzika. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na habari ikiingia sikioni mwake asubuhi, saa nne shule nzima inayo.

Mama yake alikuwa mpishi wa shule hiyo hiyo. Aliwapikia wanafunzi mia nne katika sufuria tatu kubwa, kila moja ikitosha mtoto mdogo kuogea. Kuta za jiko zilikuwa nyeusi kwa moshi, na mwiko ulikuwa mrefu kama mpini wa jembe. Mama akiwasha moto, Chiriku alikaa kwenye kigoda akichagua mawe katika maharage mpaka kengele ya darasani ilie.

Mama hakuwa mpishi wa kupima kwa kijiko. Alichota mchuzi kwa ncha ya mwiko, akaudondosha kiganjani, akaulamba na kufumba macho. Akiyafumbua, anajua: chumvi bado, au chumvi basi. Na siku ambazo wageni walikuja bila taarifa, hakubabaika. Aliwakonyeza wasaidizi wake akisema, "Mchuzi ukipungua, ongeza maji, koroga, nyamaza!" Nao walicheka mpaka machozi yakawatoka. Chiriku aliyasikia maneno hayo tangu akiwa mtoto mdogo.

Mwaka uliotangulia, ulimi wa mama ulianza kuwaka. Kwanza alidhani ameungua kwa chai. Wiki ikapita, mwezi ukapita, na moto ule haukuzimika. Asubuhi ulikuwa afadhali, mchana ulipanda, na jioni midomo, ulimi na kaakaa vilimchoma hata kuongea kukawa kazi. Tena kila alichokila kilikuwa na ladha ya chuma, kana kwamba amenyonya msumari. Alijitazama kwenye kioo, akautoa ulimi wote nje. Ulikuwa mzima kabisa.

"Mimi sioni kidonda, sioni kipele, sioni hata mkwaruzo," alisema bibi, ambaye ndiye aliyemzaa mama na aliishi nao nyumba moja. "Sasa unaumwa na nini, hewa? Mwanangu, acha kudeka. Sisi tulizaa na kesho yake tukaenda kulima."

Mama aliurudisha ulimi ndani. Utajibu nini, nawe huna hata kidonda cha kuonyesha?

Lakini ulimi ndio ulikuwa kipimo chake cha kazi, na kipimo kimeharibika. Alilamba mchuzi kiganjani, asisikie chumvi, akaongeza. Wanafunzi wakakunja nyuso. Mara ya pili, chakula kingi kikarudi na sahani. Hapo ndipo jina la Mama Chumvi lilipozaliwa, na likaenea upesi kama harufu ya chakula kilichoungua.

Mwalimu mkuu akamwita ofisini. Chiriku alikuwa anafagia nje ya dirisha, akasikia kila neno.

"Mama, nakuheshimu sana," alisema mwalimu mkuu. "Miaka tisa umetupikia vizuri. Lakini wazazi wananijia juu. Sufuria moja tena ikiharibika kabla ya muhula kwisha, itanibidi nitafute mpishi mwingine."

"Nimekuelewa, mwalimu," alijibu mama kwa sauti ndogo.

Baba yake Chiriku alikwisha fariki. Mshahara wa jikoni ndio uliowalisha watu watatu. Siku ile Chiriku aliogopa kweli.

Basi mama akaenda hospitali, kwa daktari wa meno. Chiriku alimsindikiza. Daktari alikuwa mwanamke mwenye taa kichwani na mikono isiyo na haraka. Alimtazama mama chini ya ulimi, nyuma ya mashavu, kwenye ufizi. Aliuliza anatumia dawa gani ya meno, anakunywa chai ya moto kiasi gani, anapenda pilipili au ndimu. Akamtuma kupima damu. Waliporudi kuchukua majibu, aliivua taa yake na kuvuta kiti karibu.

"Damu yako haina tatizo," alisema. "Kinywani hakuna kidonda. Lakini unaumwa. Mishipa ya fahamu ya kinywa chako inapeleka habari ya moto mahali ambapo hakuna moto. Ugonjwa huu upo, na wewe si wa kwanza kuja nao hapa. Hudeki, mama."

Mama aliposikia hilo neno "hudeki," alilia. Chiriku hakuwahi kumwona akilia mbele ya mtu.

Daktari alimpa chupa ya dawa ya kusukutua iliyochanganywa na mfamasia wa hospitali, maji maji meupe yasiyo na harufu. "Mara tatu kwa siku, mfuniko mmoja," alieleza. "Izungushe kinywani dakika tatu, kisha uteme. Usimeze. Dawa ya meno inayowasha mdomo iache, nitakuandikia isiyowasha. Pilipili, ndimu na chai ya moto weka kando. Kunywa maji baridi, mafunda madogo madogo, kutwa nzima. Chupa isikae karibu na moto. Haitakuponya kwa usiku mmoja, lakini itautuliza huo moto, hata usipokwisha kabisa. Na ukiona imeshindwa, rudi kwangu, usikae nyumbani na maumivu."

Kwa kuwa jiko lilikuwa na joto, waliamua saa za shule chupa ikae katika dawati la Chiriku. Saa nne, wakati wa mapumziko, alimpelekea mama jikoni. Mama alisukutua nyuma ya mlango, akatema, akarudi kwenye sufuria.

Siku za kwanza hakukuwa na tofauti. Wiki ya pili, moto ukaanza kushuka. Wiki ya tatu mama alidondosha mchuzi kiganjani, akalamba, akafumba macho, akayafumbua kwa mshangao. "Chumvi!" alisema. "Naisikia chumvi, jamani!" Alicheka peke yake kama mtu aliyeokota fedha. Mchana ule sahani zilirudi zimelambwa.

Laiti hadithi ingeishia hapo.

Siku moja saa nne Chiriku alitoka darasani na chupa mkononi. Nyuma ya madarasa alikutana na wasichana watatu wa darasa lake, wale ambao kila mtu alitaka kuwa rafiki yao.

"Chiriku, hebu tuonyeshe Mama Chumvi anavyosukutua," alisema mmoja, aliyekuwa mrefu kuliko wenzake.

Chiriku alisita. Yule ni mama yake. Lakini msemaji akiona watu wamemkodolea macho, ulimi huwashwa. Akafungua mfuniko, akajaza hewa mashavuni, akatoa macho, akaanza kuyumba huku na huku kama kuku mwenye kideri. Wasichana wakacheka wakashikana mabega. Chiriku akanogewa, akainua chupa juu kana kwamba anakunywa, na chupa ikamponyoka.

Ilikuwa ya plastiki, haikuvunjika. Ila ilianguka kwa mdomo wake, na kabla hajaiokota, zaidi ya nusu ya dawa ilikuwa imenywewa na mchanga.

Kicheko kilikatika. "Shauri yako," alisema yule mrefu, na wote watatu wakaondoka haraka.

Chiriku alibaki peke yake. Akimwambia mama, itabidi aeleze chupa ilikuwa wazi kwa nini. Akieleza hilo, itabidi aeleze alikuwa anamwigiza nani. Akatazama bomba la maji. Mtoto wa mpishi ana akili za jikoni. Mchuzi ukipungua, huongezwa maji. Akajaza mpaka dawa ilipokuwa imefika mwanzo, akatikisa, akanyamaza.

Mama alisukutua nyuma ya mlango, akatema, akaitazama chupa. "Mbona leo nyepesi?"

"Labda ni baridi, mama," alijibu Chiriku.

Uongo wenyewe ulikuwa huo, maneno manne tu. Mama alimwamini, kwa nini asimwamini? Alimpapasa kichwani, akamrudisha darasani.

Siku ya tatu moto ulirudi kidogo. Siku ya tano ulirudi wote. Mama alidhani amezidisha chai, akaacha chai. Akadhani ni dawa ya meno, akapiga mswaki kwa maji matupu. Akapandisha dozi kwa shauri lake mwenyewe, kutoka mfuniko mmoja hadi miwili, na hakuona nafuu. Jioni alikaa mlangoni na kikombe cha maji baridi, akinywa funda moja moja, macho yake chini.

"Nilijua tu," alisema bibi. "Dawa ya kusukutua, kama maji tu! Ugonjwa uko kichwani, sio mdomoni."

Chiriku alisikia na akainamia sahani yake. Alijiambia atasema kesho. Kesho ilipofika, ilionekana ngumu kuliko jana, kwa sababu sasa kulikuwa na dawa iliyomwagika na pia uongo wa siku nzima juu yake. Akasema kesho kutwa. Mtoto aliyeweza kukueleza habari za majirani wote bila kupumua, sentensi moja ilimshinda: Mama, nilimwaga dawa. Alimwona mama akikonda, na bado akanyamaza. Tusimtetee. Alijua, na alinyamaza.

Ijumaa ya wiki ya pili, kinywa cha mama kilikuwa kinawaka tangu alfajiri. Alidondosha mchuzi wa maharage kiganjani, akasikia chuma tu. Akaongeza chumvi. Akaonja tena, akasikia chuma, akaongeza tena. Msaidizi mmoja alitaka kusema kitu, lakini mama alikuwa mkubwa wake.

Mchana ule maharage hayakulika. Sahani mia nne zilimwagwa kwenye pipa. Watoto wa darasa la kwanza, waliokuwa wametoka nyumbani bila kula, walipanga foleni bombani wakanywa maji mpaka matumbo yakawajaa. Mmoja alikuwa analia na kumuuliza Chiriku kama kuna kitu kingine. Hakikuwepo.

Mwalimu mkuu alikuja jikoni mwenyewe. Hakupaza sauti. "Mama, Jumatatu usije," alisema. "Samahani sana."

Mama alirudi nyumbani, Chiriku nyuma yake. Alipofika alivua kilemba, akakaa sakafuni na kumsimulia bibi. Kisha akasema jambo lililomchoma Chiriku kuliko yote: "Pengine ni kweli nadeka, mama. Daktari alinihurumia tu."

"Rudi kwa daktari," alisema Chiriku. "Si alisema urudi?"

"Nikamwambie nini? Kwamba dawa yake nimeitumia yote na naumwa vilevile? Atacheka. Sirudi tena."

Bibi alisimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama aliyechoka kumwona mwanawe akiteseka bila kidonda. "Dawa ya moto ni moto," alisema. Akatwanga pilipili na chumvi, akakamulia ndimu, akachovya kitambaa. "Toa ulimi. Nitausugua mpaka kitu hicho kitoke."

Chiriku alifungua mdomo, akaufunga. Mama alikuwa hana nguvu ya kubishana tena. Alitoa ulimi kama mtoto. Bibi alisugua mara moja.

Sauti aliyoitoa mama haikuwa ya mtu mzima. Aliruka, akaanguka kwa magoti, mikono yote miwili kinywani.

"Ni maji!" alipiga kelele Chiriku. "Bibi, acha! Mama, ile dawa ni maji! Niliimwaga mimi! Niliimwaga nikajaza maji ya bomba!"

Bibi alibaki na kitambaa mkononi. Mama aliutafuta mtungi, akasukutua, akatema, akasukutua tena, machozi na mate vikimtiririka. Chiriku alisimulia yote huku analia: wasichana watatu, mashavu yaliyojaa hewa, bomba, na yale maneno kuhusu baridi. Hakuacha kitu, hata sehemu ya kumwigiza, ingawa aliona uso wa mama ulivyobadilika aliposikia hiyo.

Alitegemea kofi. Mama hakumgusa.

"Siku ngapi?" aliuliza, maneno yakitoka kwa shida.

"Kumi na moja."

"Siku kumi na moja nimejiona mwendawazimu," alisema mama. "Na wewe ulikuwa unanitazama."

Afadhali angempiga. Bibi alikitupa kitambaa uani, akapiga magoti karibu na mwanawe, akamshika kichwa. "Nisamehe, mwanangu. Mimi nilikuita mwongo, kumbe mwongo nilikuwa nalala naye kitanda kimoja." Usiku ule Chiriku alilala mkekani, hakuna aliyemwambia alale huko.

Jumatatu walirudi kwa daktari wa meno. Alimsikiliza Chiriku mpaka mwisho, akamkalisha kwenye kiti kile kirefu cha wagonjwa ili macho yao yalingane.

"Ungemvunja mama yako mguu, kila mtu angeona na kumsaidia," alisema daktari. "Mgonjwa asiye na kidonda ana shahidi mmoja tu, naye ni ile nafuu anayopata kwa dawa. Wewe ulimnyang'anya shahidi wake, halafu ukamwacha ahukumiwe. Kumwaga dawa ni bahati mbaya. Kujaza maji sio bahati mbaya."

"Ndiyo, daktari," alisema Chiriku.

Daktari alimgeukia mama. "Nawe, mama, siku nyingine usijiongezee dozi, na usisuguliwe chochote. Dawa ikishindwa, kosa si lako. Njoo uniambie." Akampa chupa mpya. Safari hii mama aliitia katika pochi yake mwenyewe na kufunga zipu.

Kutoka hospitali walipitia shuleni. Chiriku aliomba mwenyewe kuingia ofisini. Alimwamkia mwalimu mkuu, akasimama wima, akasema yote kwa mara ya tatu. Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Umefanya vyema kusema," alisema hatimaye. "Ungesema Alhamisi, mama yako angekuwa bado mpishi. Lakini Jumamosi nilimpa kazi mtu mwingine. Ameacha kibarua chake kuja hapa, na asubuhi hii ameshawasha moto. Siwezi kumfukuza mtu asiye na kosa." Alimtazama mama kwa aibu. "Nafasi niliyo nayo ni ya kuosha vyombo. Naona vibaya hata kukutajia."

"Nitaichukua, mwalimu," alisema mama. "Watoto hawali aibu."

Wiki zikaenda. Mama alisukutua mara tatu kwa siku, dakika tatu tatu, na kunywa maji baridi. Moto ulipungua, kwanza asubuhi, halafu mchana. Haukwisha kabisa, daktari alishasema hivyo, lakini ukawa kitu cha kuishi nacho. Alikula, alicheka, ladha ya chuma ikaondoka. Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkumbusha saa ya dawa, na aliwaeleza majirani kwamba mtu anaweza kuumwa bila kidonda, tena kwa ukali, kana kwamba wao ndio waliobisha.

Jikoni, mpishi mpya alishika mwiko. Alikuwa dada mpole, na wakati mwingine alimuuliza mama jambo kuhusu chumvi, kwa adabu. Mama alimjibu vizuri. Kisha aliinama tena juu ya beseni na kukwangua ukoko katika sufuria zile tatu alizozipikia miaka tisa, maji ya sabuni yakimfika viwikoni.

Mchana mmoja Chiriku alikuwa anamsaidia kupanga sahani safi. Wale wasichana watatu walipita dirishani.

"Siku hizi chakula kitamu," alisema yule mrefu kwa sauti. "Afadhali Mama Chumvi alitolewa."

Chiriku aliweka sahani chini, akatoka nje. "Mama hakuharibu chakula," alisema. "Niliharibu mimi. Ile dawa iliyomwagika mbele yenu nilijaza maji, nikamdanganya. Semeni hivyo kwa kila mtu. Msiposema nyinyi, nitasema mimi."

Wasichana walitazamana, wakaondoka kimya. Chiriku alirudi ndani uso ukimwaka. Mama alikuwa amesikia yote. Aliendelea kusugua, amempa Chiriku mgongo.

"Umesema vizuri," alisema bila kugeuka. "Ungesema hivyo saa ile ile dawa ilipomwagika, ningekugombeza mpaka jioni, kesho tungerudi hospitali, na leo ningekuwa pale." Alionyesha kwa kidevu mahali mpishi mpya aliposimama. "Ukweli ni chakula, mwanangu. Ukiulaza unachacha, na ukichacha, hata ukiupakua kwa moyo mweupe, haumshibishi mtu. Nimekusamehe, na nakupenda. Lakini kazi yangu haikurudi, na haitarudi. Nataka ulijue hilo, usije ukadhani kusamehewa ni kufutiwa."

"Nimelijua, mama," alisema Chiriku.

"Haya," alisema mama, akamsogezea sufuria ya pili. "Anza na hiyo. Ukoko wake mgumu."